Aliyewafundisha Kusema "Sisi"

Hoteli ile ilikuwa na sakafu za marumaru juu, na chini kabisa, ambako wageni hawafiki, ilikuwa na chumba cha pasi. Humo alifanya kazi mwanamke aliyeitwa Ticha. Jina hilo hakupewa kwa kejeli. Alikuwa mwalimu kweli, mwalimu wa Kiingereza katika shule ndogo ya mtu binafsi, mpaka mwenye shule alipoona kwamba jengo lile lingemlipa zaidi likiwa ghala la vigae. Walimu waliambiwa siku ya kufunga muhula, watoto wakiwa wamekwisha kwenda zao. Ticha akahangaika na shule nyingine, huku anaambiwa arudi kesho, kule anaambiwa nafasi imejaa, na mwisho akaambulia kupiga pasi. Hakuona haya. Alikuwa akisema kwamba shuka haliulizi umesoma mpaka wapi, linataka mvuke tu na mkono usiotetemeka.

Lakini ualimu ulikuwa haujamtoka. Saa ya mapumziko ya mchana, wenzake wakiwa wamejiegemeza kwenye marobota ya taulo, yeye alisimama mbele ya kabati la chuma na kipande cha chaki cha fundi cherehani, akafundisha. Kilichowasukuma wakubali ni meneja mpya. Mtu huyo alitoka mbali na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, tena ya kupiga kelele. Kila jambo lilipitia kwa karani wa juu, na karani alikuwa na tafsiri zake. Meneja akizungumza robo saa, karani anageuza: "Anasema fanyeni kazi." Wao wakilalamika robo saa kuhusu feni iliyokufa, karani anamwambia meneja maneno mawili, na meneja anacheka. Ikawa mtu akitaka feni itengenezwe, lazima ajue Kiingereza.

"Leo tunachambua maneno ya mdomoni," alisema Ticha siku moja, akaandika kwenye kabati: speak, say, tell, teach.

Mrefu, mpiga pasi wa mashati, jamaa wa kimo kikubwa na subira kidogo, akakuna kichwa. "Ticha, hawa watu wana mdomo mmoja kama sisi au vipi? Kusema tu, maneno yote haya?"

"Na wewe unayo mangapi? Unasema, unaongea, unazungumza, unaambia, unaarifu, unasengenya. Haya, niambie, kumsema Mama Sabuni na kumwambia Mama Sabuni ni kitu kimoja?"

"Akinisema atanijua mimi nani," Mama Sabuni alijibu kutoka kwenye mashine zake za kufulia, bila hata kugeuka. "Akiniambia nitamsikiliza." Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Sasa hata wao ni hivyo hivyo." Ticha akachukua taulo, akairusha juu ikaanguka yenyewe mezani. "Hii ndiyo 'say'. Umelitoa neno, limetoka, nani kalidaka hiyo si shida yako." Akachukua nyingine, akamwekea Mrefu mikononi. "Hii 'tell'. Hapa lazima pawe na mtu wa kupokea. Ndiyo maana husemi 'I will tell' halafu ukanyamaza. Utamwambia nani, ukuta?" Kisha akasimama nyuma ya Mrefu na kumshika vidole, akimwelekeza namna ya kukunja pembe kwa pembe. "Na hii 'teach'. Unampa, halafu humwachi mpaka aweze mwenyewe."

"Mbona hujaniacha na nimekwisha weza?" Mrefu akauliza, na wakacheka tena.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja tu. Alikaa karibu na kikapu cha foronya, midomo inamchezacheza, anayarudia yale maneno kimoyomoyo. Huyo alikuwa wifi yake Ticha, dada mdogo wa mumewe, na watu walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Ndoa yake ilipovunjika alikuja kwa kaka yake na begi moja, akasema atakaa kidogo apumue. Kidogo hicho kilikuwa hakijaisha. Alilala sebuleni kwenye kochi, akila walichokula, na Ticha ndiye aliyemwendea karani, akambembeleza na kujishusha mpaka wifi mtu akapata kazi ya kupiga pasi nguo za wageni.

Wala Ticha hakuona tabu. Alimpenda yule binti. Wengine somo waliliacha palepale kabatini, likafutwa pamoja na chaki. Chiriku alikwenda nalo nyumbani. Anaosha vyombo anasema, "Wifi, nisahihishe." Anaanua nguo anasema, "Wifi, nikitaka kumpa mkubwa habari rasmi, bado ni 'tell' au kuna la heshima zaidi?" Na Ticha, mikono ina povu, anamwambia lipo, ni 'inform', akamfundisha linavyokaa kwenye sentensi, akampa mifano mitano wakati mmoja ungetosha. Mwanafunzi wa namna hiyo mwalimu humpata mara chache, na akimpata hujisahau. Fundi, yule mumewe, aliyekuwa akitengeneza redio na feni barazani, alikuwa akiwasikiliza huku kashika bisibisi, anatikisa kichwa kwa furaha. "Nyumba yangu imekuwa chuo kikuu," alikuwa akisema.

Sasa pale chumba cha pasi palikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuna mkubwa aliyeuandika popote. Kitu kikiungua, hakuna aliyekiunguza. Wote wamekiunguza. Ulianza baada ya mzee mmoja mpiga pasi kufukuzwa kwa sababu ya shati la mgeni, na baadaye ikaonekana pasi yenyewe ilikuwa mbovu, inapanda moto yenyewe. Mzee alikwisha ondoka, hakuna aliyemfuata kumwomba radhi. Ticha ndiye aliyesema basi, kuanzia leo tukiulizwa nani, tunajibu sisi. Mkubwa hawezi kufukuza chumba kizima, maana kesho vitanda vya juu vitatandikwa nini? Atafoka, atatunyima chai ya saa nne, atachoka. Na kweli ilikuwa hivyo. Meneja mpya alipokuja, sentensi ya kwanza ya Kiingereza ambayo Ticha aliwafundisha haikuwa ya salamu. Ilikuwa "We did it," yaani ni sisi tuliofanya. Waliijua wote, hata wale ambao hawakujua kuomba maji. Mama Sabuni alikuwa akikohoa kama ishara, nao wanaitoa kwa pamoja, na meneja anabaki anawatazama mmoja mmoja, uso umemwiva.

Kisha ikaja habari ya cheo. Meneja alitaka kiongozi wa zamu, mtu wa hukohuko chini, atakayezungumza naye ana kwa ana bila kupitia kwa karani. Kiongozi hatapiga pasi. Atakuwa na meza na kiti, atakagua, atapanda juu kila asubuhi kutoa taarifa. Hakuna aliyejiuliza atakuwa nani. Mrefu alianza kabisa kumwita Ticha "bosi" na kumpigia saluti kwa hanga ya koti. Ticha alikuwa akimkemea, lakini moyoni alikwisha kikalia kile kiti. Miguu ilikuwa inamvimba kwa kusimama, mishipa imemtoka nyuma ya magoti. Tena haikuwa miguu tu. Alitamani siku moja tena asimame mbele ya watu na kusikilizwa kwa sababu ndiyo kazi yake, siyo kwa sababu ni mapumziko. Alikitaka kile cheo kwa tamaa ambayo hakumwambia mtu isipokuwa mumewe, na mumewe alimjibu, "Kisipokuja kwako kiende kwa nani?"

Wiki ileile liliungua gauni.

Lilikuwa gauni jeupe la mgeni, kitambaa chepesi, la kuvaliwa kwenye sherehe jioni. Lilikuwa mezani kwa Chiriku. Wanasema aliiacha pasi akigeuka kutazama nje, wengine wanasema mawazo yalikuwa mbali. Ticha alisikia harufu kabla ya ukelele. Alipofika, Chiriku alikuwa amejishika kichwa, na kifuani mwa gauni palikuwa na alama ya kahawia, nzima, hata matundu ya mvuke yanahesabika.

"Wifi, nimekwisha. Wifi, nitakwenda wapi mimi?"

"Nyamaza. Kunywa maji." Ticha akalinyakua lile gauni, akalipeleka mezani kwake kwenye mwanga, akalisugua kwa kitambaa chenye siki, akalowesha, akafuta taratibu. Alama ikafifia kidogo ikakataa kwenda mbali. "Haitoki. Basi, hakuna neno. Unajua tunavyofanya. Ni sisi."

"Ni sisi," Chiriku akarudia.

Meneja alishuka mwenyewe, kwa ngazi, mgeni amekwisha kupiga simu mara mbili. Karani hakuwepo, alikuwa likizo. Meneja akasimama katikati ya chumba, mvuke unamlowesha miwani, akauliza nani kafanya vile. Aliuliza kwa Kiingereza chepesi ambacho kila mtu alikielewa. Mama Sabuni akavuta pumzi ili akohoe.

Chiriku akanyoosha mkono.

Akaomba ruhusa ya kuzungumza. Akatumia 'speak', na ndilo lililotakiwa hapo. Kisha akasema angependa kumpa meneja habari, na hapo akatumia 'inform', akalikalisha vizuri na mtu wake wa kupokea. Hakutafuta neno, hakukwama, sauti haikutetemeka. Na Ticha, Mungu amsamehe, kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa furaha. Kabla hajashika maana, sikio la mwalimu lilikuwa limekwisha sikia kwamba ni sahihi, neno baada ya neno, na moyo wake ukaruka kwa fahari, kwamba yule ni wangu, mimi ndiye niliyemfundisha. Karibu atikise kichwa kumtia moyo.

Ndipo maana ikafika. Chiriku alikuwa anasema: huyu mwanamke ndiye aliyeliunguza gauni. Liko mezani kwake, angalia. Na kila kitu kikiungua hapa, yeye ndiye anayetuambia tusikuambie. Yeye ndiye anayetufundisha kusema sisi.

Meneja akageuka. Gauni lilikuwa mezani kwa Ticha, bichi, linanuka siki.

Watu wakisimulia habari hii husema angejitetea. Kwa Kiingereza kipi angeshindwa? Alikuwa nacho cha kutosha kumgaragaza Chiriku palepale na kumfunika. Lakini ili ajitetee ilibidi amtaje mtu, na hicho ndicho alichokuwa amewakataza wenzake tangu siku ya yule mzee. Akamtazama wifi yake. Chiriku alikuwa ameelekeza macho kwenye viatu vya meneja. Ticha akajinyoosha na kusema kwa sauti ya darasani, ile ya kuanzisha ili wengine wafuate: "We did it."

Hawakufuata. Alingoja. Mrefu alikuwa anakunja taulo iliyokwisha kukunjwa. Mama Sabuni, mtu mzima yule aliyekula chumvi nyingi, aliyesema akisemwa watamjua yeye nani, kikohozi kilimkauka, akainama kuokota kitu ambacho hakikuwepo. Wote waliijua ile sentensi. Wengine hawakujua nyingine.

"We?" meneja akauliza. Akatazama huku na huku, akaona hakuna mwingine anayesema, akamwambia aende nyumbani asubiri, ataambiwa.

Ticha alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. Alipopita mlangoni Mrefu alimwita "Ticha" kwa sauti ya chini. Hakugeuka. Ilimuuma hata kuitwa jina hilo.

Nyumbani, Fundi alisikiliza yote akiwa ameshika kifuniko cha redio. Alikasirika, au alionekana amekasirika. Alisema atamweka dada yake chini wazungumze, Ticha amwachie yeye. Akasema Ticha asimwulize chochote, nyumba isije ikawaka moto, na meneja ni mtu mwenye akili, akitulia atajua pumba na mchele. Ticha akakubali. Angeweza kumtoa yule binti nje na begi lake jioni ileile, wala jirani yeyote asingemlaumu. Lakini alimwamini mumewe. Alisema moyoni kwamba dada kanigeuka, kaka yupo.

Siku zikaanza kwenda. Chiriku akawa anatoka kabla ya Ticha kuamka na kurudi vyombo vimekwisha oshwa. Akipishana na Ticha uani husema "Shikamoo, wifi," shikamoo ambayo hajawahi kumpa maishani, na kupita ubavuni kama mpangaji. Ticha alikuwa akiitikia marahaba. Halafu anaingia chumbani, anakaa kitandani na kulia kwa hasira, kwa sababu alikuwa bado anamtakia mema yule mtoto na alijichukia kwa hilo. "Umezungumza naye?" anamwuliza mumewe. "Bado natafuta nafasi nzuri," Fundi anajibu.

Jioni moja Chiriku alirudi mapema. Ticha alikuwa sebuleni na mumewe, chai iko mezani, sare ya kazi ya Ticha inaning'inia mlangoni, safi, imepigwa pasi, tayari kwa siku yoyote atakayoitwa. Chiriku hakukaa. Kiunoni alikuwa na funguo za stoo ya shuka, zile anazokaa nazo kiongozi wa zamu. Hakuzificha, wala hakuzionyesha. Akasimama mbele ya wifi yake, mikono nyuma, akaanza kusema kwa Kiingereza.

Alisema uongozi umefikiria kwa makini. Uongozi unathamini mchango wake wa muda wote. Lakini uongozi unasikitika. Yalikuwa maneno ya meneja, aliyashika yote kama yalivyotoka, na aliyatamka bila kosa.

"Acha," Ticha akasema.

Chiriku akaacha.

"Niambie kwa Kiswahili."

Binti akashika funguo kiunoni.

"Umekula kwangu, umelala hapo kwenye kochi, umeniita wifi miaka yote hii. Leo una habari yangu mdomoni unanipa kwa lugha ya watu wasionijua. Sitaki. Niambie kwa Kiswahili, mbele ya kaka yako, nikuone unavyoweza."

Chiriku akafungua mdomo. Yule ambaye mdomo wake haukujua likizo, alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Machozi yakaanza kumshuka. Akamgeukia kaka yake kama mtu anayeomba kubebewa mzigo.

"Basi, mama, usimtese," Fundi akasema. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani. "Wamekuachisha kazi. Yeye ndiye wamempa zamu. Hata hivyo mshahara si utaingia humuhumu ndani? Ni nyumba moja."

Ticha alimtazama mumewe. Hakupandisha sauti.

"Wewe nani kakuambia?"

Kijiko kikasimama.

"Yeye hajasema. Amefika sasa hivi, hajamaliza hata alichoanza, na hicho alichoanza wewe huijui lugha yake. Nani kakuambia?"

"Aliniambia asubuhi," Fundi akasema. "Pale getini. Nikamwambia tusubiri jioni, ili mchana uende vizuri."

Asubuhi. Ticha akageuka, akaitazama sare mlangoni. Aliipiga pasi baada ya chakula cha mchana, hapahapa sebuleni, na mumewe alikuwa ameketi kwenye kiti hichohicho anamwangalia.

"Nilikuuliza kama kola imenyooka," alisema.

"Ndiyo."

"Ukaniambia bado kidogo upande wa kushoto."

Ticha akainuka, akaichukua sare, akaingia nayo chumbani na kufunga mlango kwa ndani.